Kichwa Kinauma Tena Baada ya Mionzi: Maswali na Majibu

Baba alimaliza mionzi ya ubongo mwaka jana pale Taasisi ya Saratani, Mulago. Sasa kichwa kinamuuma na mkono wa kulia umelegea. Saratani imerudi?

Huenda imerudi, huenda haijarudi. Mionzi inayoua saratani huweza kujeruhi mishipa midogo ya damu ubongoni. Mishipa huvuja, ubongo huvimba, sehemu nyingine hufa. Mara nyingi dalili huanza miezi 6 au zaidi baada ya tiba, hata miaka kadhaa, watu wakishasahau mambo ya hospitali. Kwenye picha ya MRI jeraha hili hufanana mno na saratani iliyorudi, hata mabingwa hubishana. Kwa hiyo msafiri na picha zote za zamani, msiziache nyumbani Arua. Daktari anaweza kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa, au kuchukua kinyama kidogo kutoka kwenye jeraha akipime.

Linatibika?

Jeraha lisilo na dalili mara nyingi huangaliwa tu. Dalili zikiwepo, deksamethasoni (deksa), dawa ya jamii ya steroidi, ndiyo hutangulia. Hupunguza uvimbe, na wengi hupata nafuu ndani ya siku chache. Matatizo huanzia hapohapo: mgonjwa akijiona mzima huitupa, mwingine huendelea kujinunulia dukani miezi na miezi. Mwili uliozoea deksa hupunguza kutengeneza homoni yake yenyewe, hivyo ukiikatisha ghafla presha inaweza kushuka na mtu akazimia. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Ikitumika muda mrefu hupandisha sukari, huvimbisha uso, hulegeza mapaja hadi kuinuka kitini kukawa kazi, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa kawaida hunywewa asubuhi baada ya chakula, maana ya jioni hufukuza usingizi.

Ikishindwa?

Ipo bevasizumabu, dawa ya dripu inayopunguza uvujaji wa mishipa. Husaidia wengi, lakini ni ghali, hupandisha presha na huchelewesha vidonda kupona. Jeraha likibana ubongo, huenda upasuaji ukahitajika. Kuhusu vitamini E pamoja na pentoksifilini (dawa ya kurahisisha mtiririko wa damu), au kupumua oksijeni ndani ya chumba chenye shinikizo kubwa, ushahidi bado ni mwembamba. Mimi nisingeuza ng'ombe kwa ajili yake.

Akishikwa na kifafa nyumbani?

Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, tazameni saa. Kikipita dakika 5, au kikirudia kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Shangazi akileta kijiko cha kumtia mdomoni, mkatalieni kwa heshima.