Kwa nini mfumo wa kompyuta huzidiwa hata kama kila huduma yake ilifaulu majaribio?

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya. Kumbukumbu za vikao vya ndani, zilizotolewa baadaye bungeni, zinaonyesha kuwa siku hiyo waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa watu sita.

Mtumiaji aliona tovuti moja, lakini nyuma yake kulikuwa na huduma nyingi zinazoulizana: mamlaka ya kodi ithibitishe kipato, hifadhi ya jamii ithibitishe namba ya mtu, na kadhalika. Mlangoni palikuwa na huduma ya kufungua akaunti, nayo ikazidiwa mapema kabisa. Wakandarasi waliliambia Bunge kwamba mfumo mzima ulianza kujaribiwa wiki mbili tu hivi kabla ya kufunguliwa.

Chukua huduma inayochelewa kujibu mara 1 katika maombi 100 inayotumiwa. Nani angeilalamikia? Lakini ukurasa ukitegemea huduma 10 za namna hiyo, karibu maombi 10 katika 100 yatachelewa, kwa kuwa inatosha moja tu ikwame. Zikiwa 100, yatakayochelewa ni 63. Ndiyo maana mpimaji makini haridhiki na wastani, maana huficha yale machache yanayochelewa.

Halafu kuna foleni. Huduma inayomaliza ombi kwa milisekunde 200 (sehemu ya tano ya sekunde) ikiwa haina kazi nyingine hujibu kwa takriban 400 inaposhughulika nusu ya muda wake. Ikifika asilimia 90, jibu huchukua sekunde 2. Asilimia 95, sekunde 4. Sababu ni kwamba watu hawaji kwa zamu, huja kwa mkupuo, na maombi yao husubiriana. Hesabu hizi zilianzia kwenye simu: mwanahisabati Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alizichapisha kuanzia mwaka 1909.

Basi wahandisi hupima kwanza. Programu kama JMeter hujifanya watumiaji mamia au maelfu, mzigo ukipandishwa kidogo kidogo huku muda wa kila huduma ukirekodiwa. Lakini huwezi kuitwanga mamlaka ya kodi kwa maombi bandia laki mbili. Hapo ndipo uigaji unapohitajika: vipimo vile huingizwa kwenye programu inayojenga foleni za huduma zote ndani ya kompyuta, kisha unaongeza mzigo utakavyo.

Mimi siuamini uigaji ambao haujalinganishwa na vipimo. Ukitabiri sekunde 1 kwa watumiaji 500 na mfumo halisi ukatoa 3, kuna kitu kimesahaulika. Kimojawapo ni marudio: mtu akiona kimya anabonyeza tena, programu nayo inatuma tena, na huduma iliyokwisha kuzidiwa inaongezewa mzigo. Uigaji na vipimo vikilingana, ndipo unaweza kuuliza seva mpya ziende wapi. Kama inayobana ni huduma ya akaunti, kuongeza seva za kuonyesha bei za bima hakumpunguzii mtumiaji hata sekunde moja, na fedha zimeshatumika.