Kusikia sauti si jina la ugonjwa

Familia nyingi zinazofika kliniki za afya ya akili hapa Kisumu huja na jina tayari mkononi. Janeko, watasema Waluo. Mulalu, watasema Waluhya. Yote mawili ni mwendawazimu. Kwa wengine amerogwa, au ni bangi tu. Na sisi wahudumu tuna haraka yetu: mgonjwa akisema anasikia sauti, faili linaandikwa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu. Kusikia sauti hakutaji ugonjwa, kama vile joto la mwili lisivyotaja malaria.

Saikosisi ni hali. Mtu anapatwa na maruweruwe, yaani anasikia au kuona yasiyokuwepo. Au anashikilia imani potofu ambayo hakuna ushahidi unaoitikisa. Au maneno yake yanapoteza mfuatano. Hali hiyo moja huletwa na magonjwa mengi, na kinachoyatenganisha zaidi ya kitu kingine ni tarehe: kipi kilitangulia, kipi kikafuata, na kimekaa siku ngapi.

Anza na mwili. Mtu aliyekuwa mzima Jumatatu, na Jumatano anazungumza na watu walioko ukutani, usikimbilie sindano ya kumtuliza. Pima joto, mpigo wa moyo, presha, oksijeni na sukari. Kisha pima umakini wake: mwombe ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Mwenye skizofrenia kwa kawaida atafika mwisho, hata kama ni polepole. Anayeweweseka, yaani ambaye akili imevurugika ghafla kwa tatizo la mwili, atasema Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, kisha Jumamosi tena, halafu atakutazama kama hukumuuliza chochote. Rudia jioni. Anayeweweseka hubadilika siku hiyo hiyo, asubuhi ana nafuu, usiku hali inachacha. Huyo ni mgonjwa wa dharura, na chanzo kinaweza kuwa malaria ya ubongo, meninjitisi (uvimbe wa utando wa ubongo), sukari iliyoshuka, au pombe iliyokatizwa ghafla. Ile ya pombe huja na jasho, kutetemeka na kuona wadudu, mara nyingi siku ya 2 hadi ya 4 tangu mtu alipokunywa mara ya mwisho.

Usisahau kuuliza kifafa. Katika maeneo kama Busia, nguruwe wengi huzurura wakijitafutia chakula, na mabuu ya tegu ya nguruwe, yaani minyoo hiyo ikiwa bado michanga, yakiingia ubongoni huleta kifafa ukubwani. Baada ya mfululizo wa kuanguka, mtu anaweza kupata nafuu kabisa kwa siku moja au kadhaa, ndipo saikosisi ianze. Kwa sababu ya pengo hilo, nyumbani hawayaunganishi mambo hayo mawili, na usipouliza hutaambiwa.

Vipimo vya maabara navyo vina mtego. Kanda ya ziwa, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu vya malaria bila kuugua, na kile kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya matibabu. Mtibu, ndiyo, lakini usifunge uchunguzi hapo. Bangi ni vivyo hivyo: kwa mvutaji wa kila siku, mkojo huweza kuionyesha wiki kadhaa baada ya kuacha. Kipimo kinasema alivuta; hakisemi bangi ndiyo iliyomletea ugonjwa. Uliza kama dalili zilikuwepo kabla hajaanza kuvuta, na kama zimeendelea zaidi ya mwezi 1 tangu aache. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, tafuta zaidi.

Sasa tarehe. Chukua karatasi, chora mstari mmoja. Mama wa mgonjwa huenda asikumbuke mwezi, lakini anakumbuka matanga, mvua za masika, mtihani wa KCSE. "Mama, wakati wa mazishi ya babu yake alikuwa anaongea na watu vizuri?" Swali hilo huzaa zaidi ya "ilianza lini". Juu ya mstari andika sauti na imani potofu. Chini yake andika usingizi, nguvu, furaha iliyopita kiasi au huzuni.

Kama sauti huja tu wakati halali, hachoki, anagawa pesa na kupanga kununua matatu tatu bila shilingi mfukoni, fikiria baipola, ugonjwa wa vipindi vya furaha iliyopita kiasi na vya huzuni. Kama sauti ziliwahi kuendelea angalau wiki 2 huku hisia zake zikiwa za kawaida, na vipindi vya furaha iliyopita kiasi au huzuni navyo vimechukua sehemu kubwa ya ugonjwa, hapo tunazungumzia skizoafektivu, ugonjwa unaochanganya hayo mawili. Skizofrenia kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, huhitaji dalili za mwezi 1 au zaidi. Mwongozo wa Marekani, DSM-5, hutaka ugonjwa wote uwe umekaa miezi 6. Saikosisi ya ghafla inayoisha ndani ya miezi 3 ina jina lake kwenye ICD-11, na wagonjwa wake wengi hupona kabisa. Ndiyo maana inauma kumpa kijana wa miaka 19 jina la maisha katika wiki yake ya kwanza.

Mama aliyejifungua na kupata saikosisi ndani ya wiki chache hasubiri kalenda yoyote. Alazwe siku hiyo.

Kuhusu uchawi: imani inayoshirikiwa na kijiji kizima si dalili. Mjane anayesikia mumewe akimwita wiki chache baada ya mazishi haumwi kwa hilo peke yake. Waulize watu wa kanisa lake au wa ukoo. Wakisema hata wao hawamwelewi tena, sikiliza hilo.

Siku ya kwanza, mara nyingi neno la kweli la kuandika ni "saikosisi, chanzo kinachunguzwa", na tarehe ya kurudi. Dawa haisubiri jina. Akirudi, aje na mtu anayelala naye nyumba moja, na dawa zote anazomeza, zikiwemo za VVU, za kifua kikuu na za mitishamba, katika mfuko mmoja.