Kisiwa kwenye jiko la mita tatu

Jana tena. Mama mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, kanitumia picha ya jiko la Marekani, kisiwa katikati (yaani kaunta inayosimama peke yake, haigusi ukuta), taa tatu zinaning'inia. "Fundi, hiki nakitaka, kazi iwe rahisi." Jiko lake ni mita 3 kwa 3, kaunta pande mbili zinazotazamana. Huyu ni wa nne tangu Ramadhani iishe.

Hebu tupige hesabu. Kaunta moja inakula sentimita 60, mbili 120. Zinabaki 180. Kisiwa chembamba kabisa, 60. Basi kila upande unabakiwa na njia ya sentimita 60. "Si napita?" Unapita, mama. Lakini shusha mlango wa oveni, wenyewe kama sentimita 50, halafu niambie utasimama wapi na sinia la moto mkononi. Njia ya mpishi mmoja inataka 105 hivi, wapishi wawili 120, na inapimwa ukingo kwa ukingo, tena toka kwenye vishikio vya droo. Kuna fundi kanipimia ukuta kwa ukuta! Hapo nilikaa chini nikanywa maji.

"Basi toa kaunta ya upande mmoja." Sawa, nafasi inapatikana. Ila hapo umeng'oa kaunta ukutani ukairudisha katikati ya chumba, na makabati ya juu yamekwenda na ukuta wake. Umenunua nini?

Sinki kwenye kisiwa: bomba la maji machafu lipite chini ya sakafu, na mteremko wake, kabla zege halijamwagwa. Ukikumbuka baada ya vigae, usinipigie simu.

Wasomi watakutajia pembetatu: mistari ya kuunganisha jiko la kupikia, sinki na friji, jumla ya pande zake mita 4 hadi 8 hivi. Ilikuzwa Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1940. Nimeitumia miaka mingi, na kusema kweli imani yangu imepungua. Ile ilimuwaza mpishi mmoja. Nenda Ngamiani asubuhi ya Idi: mmoja yuko na pilau, mmoja anachambua mchele, shangazi anatoa amri, watoto wanapita kuiba sambusa. Pembetatu gani hiyo? Siku hizi naanza kwa kuuliza mnapika wangapi, na mkaa mnauweka wapi, maana wengi sufuria kubwa liko uani hata hivyo.

Na mbuzi? Nazi inakunwa umekaa chini, miguu umeitanua. Kisiwa cha sentimita 90 kwenda juu kinakupokonya hiyo sakafu tu.

Yule mama wa Raskazone nikamchorea kaunta ya L na meza ya magurudumu, upana 60, yenye breki. Anakatia vitunguu katikati, akimaliza anaisukuma hadi ukutani. Kanijibu usiku: "Fundi, meza si kisiwa." Nikamwambia achukue chaki, achore kisiwa chake sakafuni, apike nacho siku tatu bila kukanyaga mstari. Leo ni siku ya kwanza, na kishaniuliza kama mstari unaweza kusogea kidogo.