Tairi kwanza, springi zifuate

Mteja akifika kwangu, sentensi yake ya kwanza huwa ni ileile: "Fundi, ninyanyulie gari." Simjibu hapo hapo. Namwomba achuchumae nami nyuma ya gari, tuchungulie uvunguni. Katikati ya magurudumu ya nyuma linaning'inia lile bonge la chuma, difu, ambalo ndilo lililo karibu na ardhi kuliko vitu vyote. Naweka ngumi chini yake, halafu namuuliza: nikikufungia springi ndefu zaidi, difu hii itapanda?

Wengi husema itapanda. Haipandi. Kwenye ekseli ngumu, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, springi zimekaa juu ya ekseli. Ukizirefusha umenyanyua chesi na bodi, na difu imebaki palepale ikisubiri jiwe. Kinachoinua difu ni tairi, basi. Na hata tairi linakupa nusu tu ya ulichoongeza, kwa kuwa kimo kilichozidi kinagawanyika: nusu chini ya ekseli, nusu juu yake.

Tupige hesabu, maana namba zilizo ubavuni mwa tairi zinasema kila kitu. Tuseme gari limekuja na 265/70R16. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 185.5. 16 ni rimu kwa inchi, sawa na milimita 406.4. Jumlisha rimu na mbavu mbili, unapata tairi lenye kimo cha milimita 777 hivi. Sasa vaa 265/75R16. Upana ni uleule, rimu ni ileile, lakini kimo kimefika 804. Difu imepanda milimita 13. Ukirukia 285/75R16 unafika 834, na difu imepanda 28.

Mimi nalipenda hilo la katikati. Milimita 13 zinasikika kama mzaha, ila mtu aliyewahi kukwaruza difu kwenye mgongo wa katikati ya njia ya matope anajua kidole kimoja kinatosha kupita au kukwama. Na kwa kuwa upana haukuongezeka, tairi haligusi vitu vipya ovyo. Watu huvutiwa na upana kwa sababu unaonekana ukiwa umesimama kando ya gari. Kimo ndicho kinachofanya kazi. Ule upana wa kutembelea mchanga utaupata kwa kupunguza upepo: ukishuka hadi psi 18 hivi, tairi linajilaza na kurefusha unyayo wake, mradi uende polepole na ujaze tena ukirudi kwenye lami.

Basi kunyanyua gari kuna faida gani? Ipo. Bampa ya mbele inapanda, ya nyuma inapanda, tumbo la chesi linapanda, kwa hiyo unapoingia korongoni au kuvuka tuta kali hukwami pua wala tumbo. Kama springi za mbele ni za kujitegemea, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, difu ya mbele imefungwa kwenye chesi, nayo hupanda pamoja na bodi. Tena springi mpya zinabeba mzigo ambao zile za zamani zilishachoka kuubeba.

Kitu ambacho watu hudhani wanakipata na hawakipati ni nafasi ya tairi. Hapa naomba utulie kidogo, ndipo pesa nyingi hupotelea. Gari likisimama, kweli utaona uwazi mkubwa kati ya tairi na madigadi. Lakini gurudumu likigonga shimo na springi kubanwa hadi mwisho, ekseli inasimamishwa na stopa ya raba. Stopa hiyo haikuhama. Kwa hiyo tairi linafika palepale lilipokuwa likifika kabla hujanyanyua chochote. Tairi lisiloenea pale litakata madigadi hata ukiweka springi ndefu kama mlingoti. Tofauti ni kwamba litakata mara chache zaidi, na kwa kishindo.

Kipimo changu ni cha kuchosha lakini hakidanganyi. Natoa springi, nafunga tairi jipya, kisha napandisha ekseli kwa jeki taratibu mpaka iguse stopa. Napaka chaki kwenye kingo za tairi. Nazungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, halafu nashusha upande mmoja na kurudia, kwa sababu porini magurudumu hayapandi pamoja. Kisha naingiza tochi na kutafuta chaki: nyuma ya madigadi, kwenye ukingo wa chesi, kwenye mikono ya ekseli. Chaki ikikwaruzwa kwenye plastiki, tunakata plastiki. Ikikwaruzwa kwenye chuma cha chesi, tunarudi kwenye tairi dogo zaidi, au tunaongeza kimo cha stopa na kukubali kupoteza mwendo wa springi. Rimu zilizochomoza nje huharibu zaidi mchezo huu: tairi linapokatwa kona huchora duara kubwa na kwenda kupiga nyuma ya madigadi, na beringi za magurudumu nazo zinaelemewa.

Tukija kwenye kimo chenyewe, mimi husimama kwenye milimita 40 hadi 50. Miaka yangu ya mwanzo nililinyanyua gari langu mwenyewe milimita 100 kwa usiku mmoja, nikajiona bingwa. Asubuhi nikapandisha gurudumu moja juu ya gogo ili nilipige picha. Nikainama kuangalia upande wa pili uliokuwa ukining'inia: mpira wa breki ulikuwa umekazwa kama uzi wa gitaa, umeanza kuwa mweupe pale unapoingia kwenye chuma. Ningeshuka bonde na mzigo, ningelishuka bila breki.

Zaidi ya 50, kila kitu kinaanza kudai mwenzake. Kwenye ekseli ngumu ya mbele iliyoshikwa na mikono mirefu, kama ile ya Land Cruiser 80, kunyanyua kunaizungusha ekseli na kupunguza kasta. Kasta ni ule mlalo unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Fikiria uma wa baiskeli, ulivyolala mbele ndivyo unavyoweza kuendesha ukiwa umeachia mikono. Ikipungua, gari linaanza kutangatanga barabarani na dereva anadhani ni upepo. Kwenye milimita 50 bushi za kurekebisha kasta hutosha. Vilevile ile fimbo ya pembeni inayozuia ekseli isiyumbe huivuta ekseli upande mmoja, na hapo inabidi iwe ya kurekebishika.

Kwa zile za mbele za kujitegemea, adui ni pembe ya shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukinyanyua, shafti zinainama zaidi, raba zake zinajikunja na kusuguana, siku moja zinapasuka, grisi inaruka na mchanga unaingia. Pia unakuwa umekula mwendo wa kushuka wa gurudumu: likiingia kwenye shimo halishuki tena kulifuata, linabaki hewani huku mkono wa juu ukigonga. Gari refu lenye gurudumu linaloelea limepoteza mshiko, hata kama linaonekana la kibabe kwenye picha.

Springi zenyewe chagua kwa uzito, usichague kwa urefu. Swali langu kwa mteja ni: kila siku gari linabeba nini? Bampa ya chuma na winchi huweza kuvuka kilo 80 bila shida, na zote zinakaa mbele ya ekseli. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu inaligeuza kuwa mkokoteni: linarukaruka kwenye barabara ya mawimbi, matairi hayakai chini. Shokapu ziendane na springi. Na wakati wa kufunga, boliti za bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, raba zinabaki zimesokotwa na zinachanika mapema. Hili nalisema kwa sababu naliona kila mwezi.

Kupima, usipime kutoka ardhini. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, kabla na baada. Hapo upepo wa tairi hauingii kwenye hesabu.

Mengine kwa haraka. Tairi la 804 badala ya 777 lina mzingo mkubwa kwa asilimia 3.4, kwa hiyo spidomita ikisoma 100, wewe uko zaidi ya 103. Gia zinakuwa nzito kwa kiasi hicho hicho. Injini haitalalamika sana. Ukienda 834 ni asilimia 7, na hapo utaanza kushusha gia kwenye vilima ulivyokuwa ukivipanda bila kufikiri, na breki zitakuwa na kazi zaidi. Namba ya mzigo kwenye tairi isipungue ile ya kiwandani: 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Alaimenti ni lazima. Taa za mbele zishushwe, pua imepanda na unawapofusha wenzako.

Na spea. Kabla hujanunua manne, chukua moja, lala chini, jaribu kulipandisha pale spea inapokaa. Tairi lililoongezeka kimo mara nyingi linagonga bampa au bomba la ekzosi. Wapo wanaoamua kubaki na spea ya zamani. Ukiifunga hiyo nyuma huku umeweka fowili ya kufungana, ile inayolazimisha mbele na nyuma kuzunguka sawa, kwenye ardhi kavu, magurudumu yanataka kuzunguka kwa mwendo tofauti na gia haziyaruhusu. Utasikia usukani ukizidi kuwa mzito, halafu mlio wa chuma kutoka katikati ya gari. Nunua matano.