Kwenye rola dabi, kuanguka ndilo somo la kwanza

Wengi wanaotazama rola dabi, mchezo wa viatu vya magurudumu ambao timu mbili huzunguka uwanja zikipigana vikumbo, uliofufuliwa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hudhani mwanagenzi huanza kwa kufundishwa kupiga watu vikumbo, na kwamba mchezaji hodari haanguki. Sivyo. Huanza kwa kuanguka.

Unaanguka makusudi, kuelekea mbele: goti moja linatua juu ya kinga yake ngumu, mikono karibu na kifua, viganja vimefumbwa. Kufumba huko si urembo. Vidole vilivyotandazwa sakafuni hukanyagwa na magurudumu ya anayekufuata. Kisha unainuka upesi bila kushika chini. Aliyezoea sakafu huthubutu kwenda kasi, tena huchuchumaa zaidi, na aliyechuchumaa ni vigumu kumyumbisha. Anayesimama wima kama mlingoti kwa kuogopa kuanguka ndiye huenda chali, na kifandugu, jamani, kwa kawaida hakina kinga.

Vikumbo huja baadaye, kwa bega na nyonga. Kutumia kiwiko ni kosa. Kwa miaka mingi wanagenzi wengi walipimwa pia kwa mizunguko 27 ya uwanja ndani ya dakika 5. Hapo yalilia mapaja, si mbavu.