Je, wajua kwanini forodha huacha kisu kikubwa ikachukua kidogo?

Binamu yangu wa hapa Ngamiani, Tanga, alivyoenda Uingereza mara ya kwanza, mamake kamfungia kwenye begi kubwa kisu kirefu cha kukatia nyama, mwenyewe kajiwekea kakisu kake ka batani, kale ukibonyeza kanafyatuka. Kufika kule wakafungua begi, kile cha mama wakakiangalia wakakirudisha, kakisu hakajarudi mpaka leo. Shangazi bado anabisha, anasema mwanawe kaonewa, iweje kinachoweza kuchinja mbuzi kipite alafu kinachomenya chungwa kizuiwe?

Ishu ni kwamba sheria nyingi hazipimi ukali wala ukubwa peke yake, zinaangalia kinafungukaje na kina sifa gani mtaani. Visu vya springi, kama hako ka binamu, vilipata jina baya miaka ya hamsini, watu wazima waliingiwa na hofu ya vijana wa magenge, basi Marekani wakatoa sheria 1958 ya kuzuia visivuke mpaka wala kuuzwa kutoka jimbo moja kwenda jingine, mwaka uliofuata 1959 Uingereza nao wakapiga marufuku kuviingiza na kuviuza. Cha jikoni hakikuguswa, kila nyumba inacho, utakizuiaje.

Kinachonichekesha ni hii sheria ya Marekani, humo humo wameandika kwamba mtu mwenye mkono mmoja anaruhusiwa kubeba cha springi ilimradi bapa lisizidi inchi 3. Na ukifikiria ni haki kabisa, kisu cha kawaida cha kukunja kinataka mikono miwili. Wanajeshi wa miavuli wa Ujerumani kwenye vita vya pili walipewa kisu ambacho ukikiinamisha bapa linateremka lenyewe, ili mtu akinaswa kwenye kamba akate kwa mkono mmoja. Sasa Ujerumani hao hao 2003 wakakipiga marufuku kisu cha aina hiyo, pamoja na kile cha kipepeo chenye mpini wa kupasuka mara mbili. Cha springi cha kutokea ubavuni kisichozidi sentimita 8.5 wakakiacha, mpaka Oktoba 2024 ndio wakakibana nacho.

Kwahiyo kila nchi inakataza kile kilichoitisha yenyewe. Japani 2008 mtu aliwagonga watu kwa lori alafu akawachoma wengine kwa jambia pale Akihabara, Tokyo, wakafa watu 7, mwaka uliofuata wakakataza hata kumiliki jambia lenye makali pande mbili kuanzia sentimita 5.5, na sheria ikawanasa mpaka wenye visu vya kufungulia chaza manake navyo vingine vina makali huku na huku, wavuvi wa watu hawana hili wala lile! Ila ukienda Oman jambia mtu analivaa kiunoni siku ya harusi na lipo kwenye bendera ya taifa.

Na panga je, manake Tanga hii na mashamba ya mkonge nani hana panga. England na Wales tangu Septemba 2024 wamekataza mapanga ya mtindo wa zombi, yaani bapa lizidi inchi 8, liwe na ncha kali na makali ya kawaida, alafu liongezewe mbwembwe kama meno ya msumeno, miiba, au matundu zaidi ya moja. Panga la kwetu la kufyekea, bapa tupu, halina hayo madoido. Ila jimbo la Victoria kule Australia wao hawakutaka kuchambua, kuanzia Septemba 2025 panga lolote ni marufuku mpaka uwe na sababu inayotambulika, mfano kilimo.

Nimemweleza shangazi yote hayo kanisikiliza vizuri tu, alafu kaniuliza je, mbuzi ya kukunia nazi itapita? Manake ina meno.