Kabla ya kuulizia lami, uliza maji yatakwenda wapi

Kila mkutano wa mtaa ninaohudhuria swali la kwanza huwa lilelile: "Mhandisi, lami yetu lini?" Huanza mzee aliyekaa mbele, mama wa genge akadakia kutoka nyuma, kisha mwenyekiti ananigeukia kana kwamba lami nimeibeba kwenye mkoba. Bado sijakutana na mtu aliyesimama akauliza mtaro unakuja lini. Nami, kwa miaka yote ya kazi hii, barabara za mitaani nilizoziona zikifa kabla ya wakati wake, nyingi ziliuawa na maji.

Chukua Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ni wa mwaka 1973, lakini mji ulitanuka kwa kasi hasa baada ya Serikali kuanza kuhamia mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta humo watu laki nne na ushei. Ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya laki saba na nusu. Watu hao wote wanahitaji paa, na hapo ndipo hesabu yetu wahandisi inapobadilika.

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa lenye mita za mraba 100, hushusha lita 5,000. Hilo ni lile tangi kubwa jeusi ambalo wengi tunalitamani uani. Mtaa wenye nyumba 200 za namna hiyo hushusha lita milioni moja, na hapo sijagusa nyua zilizosakafiwa wala maegesho ya magari. Mvua hiyohiyo zamani ilianguka porini. Nyingine ilinywewa na ardhi, nyingine ikacheleweshwa na nyasi na vichaka, na iliyobaki ikafika korongoni taratibu. Sasa inafika yote kwa mkupuo, na njia iliyo wazi kuliko zote ni barabara mliyoiacha katikati ya nyumba.

Dodoma hupata mvua kidogo kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na ndiyo maana makorongo yake huwadanganya watu. Miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Kiwanja cha korongoni huuzwa kiangazi, na muuzaji anaapa kwamba hajawahi kuona maji hapo. Huenda anasema kweli. Januari hakuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo wananchi hulipokea kwa vigelegele na mimi hulitazama kwa wasiwasi: greda. Barabara ya vumbi ikichongwa bila kuongezewa kifusi, ile greda inakwangua udongo wa katikati na kuusogeza pembeni. Mwaka wa kwanza huoni tofauti. Ikichongwa hivyo miaka kumi, nenda kasimame mlangoni kwa jirani yako: barabara imeshuka, vizingiti vya nyumba viko juu kama ngazi, na mtaa wote unamwaga maji pale mnapopita. Tumejichimbia mto kwa fedha zetu wenyewe. Barabara inatakiwa iwe na mgongo, maji yakianguka yashuke pande zote mbili. Kwa lami kawaida ni asilimia 2.5, yaani kutoka katikati hadi ukingoni, umbali wa mita tatu, kuna mteremko wa sentimita saba na nusu. Kwa jicho hauonekani. Mwaga ndoo ya maji utauona.

Kutoka ukingoni maji yanaingia mtaroni, na mtaro nao sharti ushuke, walau mita moja katika kila mita 200, la sivyo mchanga unatulia ndani na mbu wanapata makazi. Tena sharti ufike mahali: korongo, mto, au mtaro mkubwa wenye nafasi. Mtaro unaoishia uani kwa mtu ni kesi inayosubiri mvua. Kwa hiyo kazi huanzia chini, kule maji yatakakomwagwa, ikapanda kuelekea juu. Hili huleta ugomvi kila mradi. Wakazi wa juu wameahidiwa barabara, wanaona kijiko kinachimba kilomita moja kutoka kwao, katika mtaa wa diwani mwingine, na uvumi unaanza kwamba mradi umehamishwa. Haujahamishwa. Mngeanzishiwa huko juu, mvua ya kwanza ingewahamisha majirani zenu wa chini.

Mtaro ukishapata njia, tunarudi kwenye udongo. Sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga ni mtihani, kwa sababu udongo huo ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukiweka lami juu yake moja kwa moja, itapasuka nao. Mara nyingi hutolewa na kuletwa kifusi kizuri, jambo linalowafanya watu waulize kwa nini malori yanabeba udongo kwenda na kurudi.

Kifusi hicho humwagwa kwa tabaka, kwa kawaida sentimita 15 kila moja. Boza linapita kumwagia maji, greda inachanganya na kusawazisha, mtambo wa kushindilia unapita mara kadhaa. Halafu anakuja kijana wa maabara na ndoo, mizani na chupa ya mchanga. Anachimba kishimo cha duara, kina chake sawa na tabaka lenyewe, anakusanya udongo wote uliotoka bila kupoteza punje, anaupima uzito. Kisha anajaza kishimo kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana. Mchanga ulioingia humwambia ukubwa wa kishimo. Udongo uliotoka na unyevu wake humwambia tabaka limeshikana kiasi gani. Likitakiwa kufikia asilimia 95 ya kipimo cha maabara na likasoma 91, tabaka linachimbuliwa na kushindiliwa upya. Ukimwona huyo kijana amepiga magoti barabarani juani, msalimie. Ndiye anayeamua kama utapita hapo miaka 15 au miwili.

Kuhusu lami yenyewe nina machache. Lami nyepesi ni kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya moto na kushindiliwa, na inatosha kwa mitaa mingi. Lami nzito huchanganywa kiwandani na kutandazwa kwa mtambo, hufaa penye malori na mabasi. Zote mbili ni ngozi tu. Mtu akichimba usiku kuvuka barabara ili avute bomba la maji nyumbani kwake, akafukia kwa miguu, hakuna ngozi itakayoshika pale. Omba kibali kwa mamlaka ya maji na kwa wenye barabara, na ikiwezekana vuteni mabomba kabla ya mkandarasi kuanza tabaka la kwanza.

Wenye barabara ni nani? Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za mitaani na vijijini, tangu 2017, ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Miradi mikubwa ya miji, kama TACTIC inayohusu miji 45 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hujengwa kwa kushirikiana na halmashauri, na humo barabara huenda pamoja na mitaro, masoko na stendi. Ukitaka kujua ya mtaani kwako ni ya nani, tafuta bango la mradi. Mkandarasi anapaswa kuliweka, na litakueleza mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi msimamizi na muda wa kazi. Lipige picha siku ya kwanza, maana mabango yana tabia ya kuanguka kazi inapochelewa.

Kukabidhiwa barabara hakumfungi mlango mkandarasi. Kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya fedha zake huzuiwa mpaka kiishe. Ufa, shimo au mtaro uliobomoka ndani ya muda huo anaurekebisha kwa gharama yake, lakini sharti sisi tujue. Mvua ikinyesha kabla kipindi hicho hakijaisha, piga picha maji yakiwa bado yametuama, taja nyumba au nguzo ya umeme iliyo karibu, upeleke kwa mtendaji wa mtaa. "Barabara yetu mbovu" haitupeleki popote. "Maji yamesimama mbele ya msikiti, upande wa kushoto, tangu jana" inamrudisha mkandarasi kazini.

Mwisho, yale madaraja mnayojijengea juu ya mtaro ili gari liingie getini. Fundi anakata bomba la inchi nane, analilaza mtaroni, anamwaga zege juu. Mtaro ulikuwa na upana wa sentimita 80. Sasa mtaa mzima unapita kwenye tundu la sentimita 20, na mfuko mmoja wa plastiki unatosha kulifunga. Weka vibao vya zege juu ya kuta za mtaro, vifupi, vyenye nondo na masikio ya kushikia, ili wanaume wawili waweze kuvinyanyua siku ya kuzoa mchanga. Novemba, kabla ya mvua, vinyanyueni.